SHEHE, NIANDIKIE TAZKIYA, NATAKA KWENDA KUSOMA NJE

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote.

Kila mwaka kuna miezi miwili ambayo baada ya swala ya Isha huchelewa kutoka msikitini. Wa kwanza ni Januari, matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Wa pili ni Julai, yanapotoka ya kidato cha sita. Wanakuja vijana wa hapa Buguruni, wa Malapa na Mnyamani, na wengine wanatoka Vingunguti na Ilala, bahasha mkononi. Aliyekuja peke yake hukaa nyuma mpaka watu wapungue. Aliyekuja na mama yake huniita nje barazani. Ombi lao ni moja: "Shehe, niandikie tazkiya, nataka kwenda kusoma nje."

Leo nataka tulizungumze ombi hilo kwa urefu. Nitakayosema yanamhusu anayetaka Madina au Al-Azhar, na yanamhusu vile vile anayetaka uhandisi Uturuki, famasia India au udaktari China. Mwenye haraka achukue neno hili moja: kusafiri kutafuta elimu ni ibada, na makaratasi ya safari hiyo ni ushahidi. Anayeweka uongo ndani ya makaratasi ameuweka ndani ya ibada yake.

1. WALIOTUTANGULIA WALISAFIRI

Asije mtu akadhani kwamba napinga vijana kwenda nje. Jabir bin Abdillah (r.a.), swahaba wa Mtume (s.a.w.), alinunua ngamia akasafiri mwezi mzima mpaka Sham, kwa ajili ya hadithi moja tu aliyokuwa nayo Abdullah bin Unays (r.a.). Alipoisikia kwa masikio yake, haja yake ikawa imekwisha.

Na hapa kwetu pwani tunaye Sayyid Ahmed bin Abubakar bin Sumait. Alizaliwa Comoro mwaka 1861, na enzi za Sayyid Barghash alikuwa tayari kadhi Zanzibar angali kijana. Pamoja na cheo hicho aliondoka akaenda Istanbul kusoma kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, kisha akarudi Zanzibar mwaka 1888 na kuwa rejea ya wanavyuoni wa pwani nzima. Mwenzake, Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisoma Makka na Hadhramaut, akaja kufungua darsa yake Ukutani, Zanzibar. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na mpaka leo masheikh wetu wengi ukifuata mlolongo wa walimu wao utafika kwa wawili hao.

Hawa hawakujaza fomu mtandaoni, lakini walikuwa na kitu kinachoitwa ijaza. Mwalimu anashuhudia kwamba fulani amesoma kwangu kitabu hiki, nimemsikiliza, namruhusu akifundishe. Thamani ya ijaza ilitokana na jambo moja tu, kwamba mwalimu hakumpa asiyesoma. Siku walimu wangeanza kuwapa watoto wa marafiki zao, karatasi ile ingekuwa ya kufungia kashata.

Tazkiya mnayonijia nayo ni ya ukoo huo huo.

2. TAZKIYA NI USHAHIDI

Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Bakra (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) aliwatajia maswahaba madhambi yaliyo makubwa zaidi. Akataja kumshirikisha Allah, akataja kuwaasi wazazi, na yote hayo aliyataja ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa wima, akalirudia jambo hilo tena na tena, mpaka maswahaba wakatamani anyamaze kwa kumhurumia. Wanavyuoni wameeleza kwamba haina maana ushahidi wa uongo unaizidi shirki. Aliukazia kwa sababu ndio watu wanaouchukulia wepesi.

Na imesimuliwa kuhusu Umar bin Khattab (r.a.) kwamba mtu alikuja kutoa ushahidi mbele yake, Umar akamwambia simjui mtu huyu, alete anayemjua. Akasimama mmoja akasema mimi namjua, ni mtu mwema. Umar akamuuliza kama ni jirani yake anayemwona usiku na mchana. Akasema hapana. Akamuuliza kama amewahi kufanya naye biashara ya dinari na dirham. Hapana. Akamuuliza kama amesafiri naye. Hapana. Umar akamwambia basi wewe humjui.

Tizameni, ndugu zangu. Kumwona mtu akirukuu na kusujudu hakukutosha kuwa tazkiya mbele ya Umar. Sasa wewe kijana unakuja kwangu, nimekuona Ijumaa mbili tatu, unataka niandike kwamba nakujua kwa dini na tabia tangu utotoni. Nimekujua wapi?

Nitawapa kisa kimoja. Miaka michache iliyopita alinijia mzee mmoja wa msikitini kwetu, mtu wa kamati na mtu mwenye kutoa. Feni za safu ya mbele na tangi la maji ya udhu, mkono wake umo. Alikuja na mtoto wa dada yake, kijana mpole aliyemaliza kidato cha sita kwa alama nzuri. Walikuwa wanaomba chuo cha Madina. Na barua walishaiandika wenyewe, imechapwa steshenari, inangoja sahihi yangu na muhuri wa msikiti tu. Imeandikwa kwamba kijana amehifadhi Qur'ani yote, juzuu 30, na kwamba amefundisha katika madrasa yetu kwa miaka 3.

Nikamuuliza kijana mbele ya mjomba wake, "Umehifadhi juzuu ngapi, mwanangu?" Akatazama mkeka. Akasema, "Kumi na moja, ustadhi. Nyingine naendelea nazo."

"Na kwenye madrasa yetu umefundisha lini?"

"Nilimsaidia ustadhi likizo moja."

Mjomba wake akanishika mkono. "Shehe, hizo zilizobaki atazimalizia huko huko. Wewe weka muhuri, mtoto wa Kiislamu apate."

Neno hilo, mtoto wa Kiislamu apate, msilidharau. Yule mzee si mwizi. Ni mtu anayeona vijana wa mtaa wake wanamaliza shule wanaishia vijiweni, au kubeba mizigo Kariakoo na vyeti vyao vimefungiwa kabatini. Ameona mlango umefunguka kidogo, anataka kuusukuma. Uchungu wake ni uchungu wangu. Lakini muhuri ule si wangu peke yangu, ni amana ya msikiti, na Allah ataniuliza.

Nikamwambia nitaandika, ila nitaandika ninachokijua. Nikaandika kwamba kijana huyu namjua tangu akiwa mdogo, anaishi na wazazi wake hapa mtaani, tabia yake ni njema, amehifadhi juzuu 11 na nimemsikiliza mwenyewe, na amesaidia kufundisha wakati wa likizo. Kijana alishukuru. Mjomba wake aliikunja ile barua ya kwanza akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Mwaka ule kijana hakupata nafasi. Mjomba akasema barazani kwamba imamu ndiye aliyemkosesha. Tangi la pili la maji tuliloahidiwa halikuja, na siku maji yakikatika Buguruni mnatuona tunapanga ndoo. Tunasalimiana mpaka leo, lakini ni salamu ya kutimiza wajibu.

Nawaeleza haya mjue kwamba kusema kweli kuna gharama, na sikuahidini kwamba ukisema kweli leo utalipwa kesho asubuhi. Lakini fikirieni na upande wa pili. Chuo kinamwita kijana kwenye mahojiano, mwalimu anamwambia anza hapa katikati ya Surat an-Nahl, anakwama. Ataaibika yeye, nitaaibika mimi, na kila kijana wa Buguruni atakayepeleka barua yenye muhuri ule ataonekana muongo kabla hajafungua mdomo. Uongo wa mmoja unawafungia mlango watoto wa wenzio.

Kijana yule leo yuko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Waislamu. Likizo akirudi hukaa na mimi baada ya Alfajiri akanisomea. Amefika juzuu 23.

Kwa hiyo vijana wangu, anayetaka tazkiya aanze kujulikana mapema. Njoo darsa. Jitolee kufundisha watoto alifu bee tee. Osha mikeka. Usije wiki mbili kabla dirisha halijafungwa. Na ukija umechelewa nitakuandikia, lakini nitaandika kwamba nakujua tangu mwezi fulani. Hilo nalo ni kweli, na kweli haina haya.

Na nyie wenyewe, mnapoandika ile barua ya kueleza kwa nini mnataka kusoma, mkumbukeni Nabii Yusuf (a.s.). Alipomwambia mfalme amweke juu ya hazina za nchi, alizitaja sifa zake mwenyewe, kwamba ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Kutaja sifa uliyonayo kweli, palipo na haja, si kiburi. Hakutaja asiyokuwa nayo.

3. JINA LAKO NI LIPI?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzii swala wala funga. Iko Surat al-Baqara, aya ya 282, na inazungumzia kuandika madeni: awepo mwandishi, aandike kwa uadilifu, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuandika, dogo au kubwa. Dini yetu inaheshimu karatasi iliyoandikwa sawasawa.

Sasa tazama makaratasi ya watoto wetu. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis, cheti cha NECTA kimeandikwa Hamisi. Kwenye kitambulisho cha NIDA ni Mohamed, kwenye leaving ya shule ya msingi ni Muhammad, na jina la tatu mara ni la babu, mara ni la ukoo, mara halipo. Sisi mtaani tunajua ni mtoto mmoja. Mtu anayefungua maombi yake Madina au Ankara anaona watu watatu.

Dawa ya tatizo hili ni kuliwahi. Jina litakaloandikwa kwenye cheti cha NECTA ni lile mtoto alilosajiliwa nalo kufanya mtihani. Mzazi, nenda shule kabla usajili haujafungwa, na cheti cha kuzaliwa mkononi, ulinganishe herufi kwa herufi. Asiye na cheti cha kuzaliwa afuatilie RITA sasa hivi, asingoje mtoto afaulu ndipo akimbie. Kama majina yameshatofautiana, iko njia ya halali: kurekebisha kwa ushahidi pale inapowezekana, na pale isipowezekana kuapa mbele ya wakili au mahakamani kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Njia hiyo ni ndefu, lakini ni ya kweli.

Iko na njia fupi, nanyi mnaijua. Kuna vibanda ambako cheti kinabadilishwa kwa kompyuta ukiwa umesimama, na bei yake haifiki nauli ya kwenda Tanga. Na wengi hawabadilishi jina tu, wanapunguza umri, kwa sababu ufadhili mwingi una kikomo cha miaka. Kijana wa miaka 23 anajifanya wa 20. Ndugu yangu, umri huo uliopunguza utaishi nao maisha yote. Utaufungia ndoa, utauombea kazi, utaustaafia, na kila utakapojaza fomu utasema uongo upya. Na nafasi uliyoichukua ilikuwa ya mwenzako mwenye miaka 20 ya kweli. Hiyo ni dhulma, na mtu uliyemdhulumu humjui hata umtake radhi.

4. MAWAKALA NA KIWANJA CHA CHANIKA

Kumlipa mtu akusaidie kazi ni halali. Wanavyuoni wamekubali uwakala kwa ujira, maadamu kazi inajulikana na malipo yanajulikana. Mtu akikwambia nitakujazia fomu, nitakutafsiria vyeti, nitakufuatilia viza, bei yangu ni kadhaa, hapo hakuna ubaya. Lakini akikwambia nipe milioni kadhaa na nafasi ni ya uhakika, basi jua moja kati ya mawili: anakuuzia asichokimiliki, na hiyo ni ghasha na gharar, au anatoa rushwa kwa niaba yako, na mtoa rushwa na mpokeaji wote wamelaaniwa.

Alinijia mama mmoja, muuza matunda sokoni hapa Buguruni. Binti yake amefaulu vizuri masomo ya sayansi. Wakala mmoja mwenye chumba ghorofani Kariakoo amemwambia kuna ufadhili wa Uturuki, anataka shilingi 4,500,000 kwa ajili ya "kuushika". Mama ana kiwanja kimoja Chanika, alichoachiwa na marehemu mumewe. Mteja ameshapatikana. Na kiasi kilichopungua alikuwa tayari kukikopa kwa wale wa kausha damu. Yaani mtoto asafiri kwa riba, na ndugu zake wabaki bila kiwanja. Alikuja kwangu kuomba dua tu, biashara ifanikiwe.

Nikamwita ustadhi wetu mmoja kijana anayejua mambo ya mtandao, tukakaa na binti na mama yake, tukafungua tovuti yenyewe ya ufadhili ule wa serikali ya Uturuki, unaoitwa Türkiye Bursları. Tukasoma mstari kwa mstari. Kuomba ni bure. Hakuna wakala aliyepewa nafasi za kuuza. Na dirisha la mwaka ule lilikuwa limeshafungwa, tulikuwa mwezi wa Agosti. Mama akauliza, "Sasa yeye anashika nini, shehe?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Akampigia wakala simu mbele yetu. Wakala akasema yeye ana mlango wa nyuma.

Kiwanja hakikuuzwa. Januari iliyofuata binti alijaza maombi mwenyewe. Hakuchaguliwa. Alipata chuo hapa hapa nchini kwa mkopo wa serikali, anasomea uuguzi, na kiwanja cha yatima kingalipo. Na niliwaambia wazi, yeye na mama yake, kwamba hata angechaguliwa ingebaki safari ya binti kwenda kukaa ugenini. Masharti ya safari hiyo na mahram wake yazungumzwe na wanavyuoni na familia kabla ya kujaza fomu, wasingoje tiketi ifike.

Jueni basi. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, hakitozi ada kwa anayeomba, na anayekubaliwa hupewa masomo, malazi, posho na tiketi. Anayekuuzia fomu yake anakuuzia maji ya mvua. Kwa wanaokwenda kujilipia wenyewe kupitia wakala, iulizeni TCU kwanza kama wakala huyo amesajiliwa. Mtakeni mkataba wa maandishi, na risiti kwa kila shilingi. Mkiona haya kudai risiti, kumbukeni ile aya ya 282.

5. KALENDA HAIKUNGOJI

Wengi wanaokosa hawakosi kwa kukosa akili wala kwa husuda ya watu. Wanakosa kwa tarehe.

Chukueni mfano wa Uturuki. Kwa miaka ya karibuni dirisha lao limekuwa likifunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20. Mtoto wetu wa kidato cha sita anafanya mtihani Mei na matokeo yanatoka Julai. Anayeanza kufikiria baada ya matokeo amechelewa miezi mitano. Lakini masharti yao yanamruhusu aliye mwaka wa mwisho kuomba kabla hajamaliza. Basi aombe akiwa bado shuleni. Shahada ya kwanza wanataka aliye chini ya miaka 21, uzamili chini ya 30, uzamivu chini ya 35. Alama wanazotaka kwa shahada ya kwanza ni asilimia 70, na kwa udaktari ni asilimia 90. Kila ufadhili una masharti yake, na huweza kubadilika, kwa hiyo soma ya mwaka wako kwenye tovuti yenyewe. Usisome kwenye picha uliyotumiwa WhatsApp.

Na makaratasi yana foleni zake. Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza mwaka 2018, ada yake ya kawaida ni shilingi 150,000, na huipati bila cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Chuo kinaweza kutaka cheti cha afya, cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na tafsiri ya vyeti kwa Kiarabu au Kiingereza. Kila kimoja kina ofisi yake na siku zake. Ukivipanga kwa mwaka mzima, mfukoni havikuumizi sana: mwezi huu cheti cha kuzaliwa, miezi miwili ijayo pasipoti, kisha tafsiri. Ukivikusanya kwa wiki mbili, hapo ndipo unapokutana na yule wa kibandani mwenye kompyuta.

Kujipanga hivi hakupunguzi tawakkul. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, kama amwache tu na kumtegemea Allah, alimfundisha amfunge kisha ategemee. Hadithi iko katika Tirmidhi. Na Nabii Musa (a.s.) alipokwenda kumtafuta mja aliyepewa elimu, alibeba chakula na akamchukua kijana wa kumsindikiza.

6. ISTIKHARA, NA SIKU YA KURUDI

Vijana wengi wananiambia, "Nimeswali istikhara, sijaota kitu." Istikhara aliyotufundisha Mtume (s.a.w.), kama alivyoipokea Jabir (r.a.), haina sharti la ndoto. Ni rakaa mbili na dua, unamwomba Allah akuwepesishie lenye kheri na akuepushe na lenye shari, na akuridhishe. Ukishaswali, fanya kazi. Likifunguka, nenda. Likifungwa baada ya wewe kutimiza wajibu wako, hilo ndilo jibu, na dua yako imepokewa.

Na msidhani nje ni peponi. Aprili 15, 2023 vita vilipozuka Khartoum, walikuwepo pale wanafunzi wengi wa Kitanzania. Mji huo una Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, ambacho kimesomesha masheikh na walimu wengi wa Afrika Mashariki. Wanafunzi wetu walitolewa kwa mabasi hadi Ethiopia, kisha wakaletwa nyumbani kwa ndege. Mwaka mmoja kabla yake wenzao waliokuwa Ukraine nao walikimbia. Hakuna aliyejua. Ndiyo maana nasema: unapoondoka acha nyumbani nakala ya kila cheti, jiandikishe ubalozini ukifika, na muage mama yako kwa radhi kamili.

Fikiri pia siku ya kurudi. Shahada ya nje hutambuliwa hapa na TCU. Uliza kabla ya kwenda kama chuo hicho kinatambulika, usiulize baada ya miaka minne. Anayekwenda kusomea udaktari ajue kwamba akirudi kuna mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kuanza mafunzo ya hospitali. Kama nia yako ni kuwatumikia Waislamu na majirani zao wa hapa, soma kitu ambacho ukirudi nacho utaruhusiwa kukifanyia kazi. Kama nia yako ni kupiga picha uwanja wa ndege, picha utaipata. Hadithi ya kwanza katika Bukhari inatosha kukueleza kila mtu anapata nini.

Na asiyepata nafasi ya nje hajanyimwa elimu. Vipo vyuo Morogoro, Zanzibar, Dodoma na hapa Dar es Salaam. Allah hatamuuliza mtu alisoma nchi gani. Atamuuliza elimu yake aliifanyia nini.

Wazazi wa Buguruni na wa jirani, kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi baada ya Alasiri, mimi na maustadhi tutakaa msikitini na vijana wa kidato cha tatu hadi cha sita. Njooni na vyeti vyote, halisi na nakala, tulinganishe majina na tuandike tarehe za kila mmoja kwenye daftari. Hakuna malipo. Kisomo cha kuhifadhi ni kila siku baada ya Alfajiri, na jina la kila anayekuja linaandikwa. Anayetaka tazkiya nzito mwakani aanze kuijenga hapo.

Yaa Allah, wafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, waepushe na njia za uongo, wape wazazi wao riziki ya halali ya kuwasomesha, na waliotangulia kwenda warudishe salama wakiwa na elimu na adabu. Aamiin.

Mfikishie ujumbe huu mzazi mwenye mtoto sekondari, huenda hajalinganisha majina.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.